Mnyama Anapokuwa Zawadi

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili)



Kila Krismasi inapokaribia hutufikia ombi la aina moja, nalo huja kwa nia njema kabisa. Mfadhili anapenda kuwapelekea watoto wa kituo, au wa familia anayoisaidia, mtoto wa mbwa, paka au jozi ya sungura, ili wapate kiumbe cha kupenda. Kamati nazo hutuuliza: tupokee au tusipokee? Tumeona vema tuliongee hapa, wote tukiwa tumekaa pamoja.

Kwetu sisi kumpa mtu mnyama si jambo geni. Kwa Wamaasai, waliopeana kondoo huitana "Paker", na waliopeana ng'ombe huitana "Pakiteng". Zawadi imekuwa jina. Lakini tuangalie nani anapokea. Anayepokea ni mfugaji mwenye zizi, mwenye wachungaji, anayetambua ugonjwa kwa kumtazama mnyama machoni. Huyo ni tofauti na mtoto wa miaka saba anayekabidhiwa mbwa ndani ya boksi.

Miradi ya mifugo nayo ina la kutufundisha. Shirika la Marekani ambalo leo huitwa Heifer International lilipeleka mitamba yake ya kwanza Puerto Rico mwaka 1944, na sharti lake likaenea hadi kwetu: aliyepewa humpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Hapa Tanzania wengi wetu tunaujua mpango huo kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Watu hulikumbuka sana sharti la kulipa. Sisi tunaona sharti kubwa zaidi ni lile linalotangulia: banda lijengwe kwanza na majani yapandwe kwanza, ndipo ng'ombe aje. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Hizo ni ndoo kubwa tatu, na katika vijiji vyetu vingi anayezibeba kichwani ni mama au binti yake. Kwa hiyo anayetoa ng'ombe anatoa maziwa, na anatoa pia safari za kisimani. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Pengine hakuwa na banda.

Sasa turudi kwa mbwa. Tunajua banda la ng'ombe hukaguliwa kabla hajaletwa, lakini mtoto wa mbwa hupokelewa kwa makofi na picha, kisha gari linaondoka. Huyo mbwa, akitunzwa, ataishi miaka 10 na zaidi. Mtoto aliyepewa akiwa na miaka saba atakuwa sekondari au mjini, na mbwa atabaki kwa bibi. Katika vituo ni hivyo hivyo: watoto huondoka, mbwa na mlezi hubaki. Mbwa jike hubeba mimba miezi miwili tu, na asipofungwa uzazi, watoto wake wataongezeka kijijini bila mwenyewe.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na katika kila kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Anayecheza na mbwa ni mtoto, na mara nyingi mtoto aliyeng'atwa hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Basi mjue, na mkawaambie wengine: jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo apate chanjo. Sindano za mtu ni ghali kuliko chanjo ya mbwa, tena kwa mbali.

Sungura hatutawasema sana. Wakiwa wadogo ni vigumu kutofautisha dume na jike, mimba yao ni ya mwezi mmoja, na jozi haibaki jozi. Isitoshe, mtoto anaona rafiki, bibi anaona kitoweo. Ugomvi wa namna hiyo si wa kuletewa kutoka mbali. Paka tunamtetea kidogo. Nyumba yenye mahindi darini na panya wengi mara nyingi humtaka yenyewe, wala haingoji mfadhili.

Jibu letu basi si katazo. Tunaomba kamati imwulize kwanza yule atakayelisha, naye aulizwe peke yake, mfadhili asiwepo. Hakuna mama wa kwetu atakayemkatalia mgeni zawadi mbele ya watu, na ndiyo yake ya hapo tusiihesabu. Akikubali kweli, mfadhili agharimie chanjo, dawa ya minyoo na kufunga uzazi, na chanjo irudiwe kwa wakati atakaosema bwana mifugo.

Kwa wafadhili tuna ombi jingine, ingawa halina picha nzuri ya kuweka kwenye kadi. Katika vigango vyetu mbwa wapo tayari, na watoto wanawapenda tayari. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Fedha iliyokusudiwa kununua na kusafirisha mtoto mmoja wa mbwa inaweza kuwachanja mbwa wengi waliopo.

Tunaomba kila kigango kihesabu mbwa wake na paka wake kabla ya mkutano ujao, jumuiya kwa jumuiya, pamoja na wale wasio na mwenyewe. Orodha apewe katibu wa parokia, naye azungumze na bwana mifugo wa kata juu ya siku ya chanjo. Panapokosekana usafiri wa kuleta dawa ikiwa kwenye barafu, mtuarifu mapema.