Asiya, kutoka raketi hadi makasia



Nimepewa dakika chache kabla ya tarawehe, na nimechagua kuwaeleza habari za dada yetu mmoja wa Mombasa, Asiya Mohammed Sururu. Nani hapa Nakuru amewahi kulisikia jina hilo? Si ajabu mkinyamaza. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa twawajua mpaka vijiji vyao, lakini huyu wachache wanamjua.

Asiya aligongwa na treni akiwa na miaka miwili. Akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Sisi tunaokaa kando ya reli, toka Naivasha mpaka Njoro, twajua watoto wanavyocheza pale. Kisha wazazi wake wakafariki yeye angali mdogo. Ukisikia hayo tu, mkono waenda mfukoni kutafuta sadaka. Sadaka ni njema, lakini Asiya alisoma, akawa mwalimu, akashika na raketi ya tenisi.

Na tenisi ya viti vya magurudumu si mchezo wa kuonewa huruma! Ulianzia Marekani mwaka 1976 kwa kijana Brad Parks, aliyekuwa ameumia akiteleza kwenye theluji. Uwanja ni uleule, wavu ni uleule. Tofauti kubwa ni kwamba mpira waweza kudunda mara mbili, na mdundo wa pili hata ukiwa nje ya mstari. Sasa hebu ushike raketi, na kwa mkono huohuo usukume gurudumu, ugeuke, uuwahi mpira. Wazima wengi tutachoka kabla geimu moja haijaisha.

Baada ya tenisi akaingia kwenye makasia. Mwaka 2019, huko Tunisia, akafuzu kwenda Tokyo. Michezo ile ikaahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, na Asiya akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupiga makasia katika Olimpiki ya Walemavu: mita 2,000 kwa mabega na mikono peke yake. Mwaka 2024 akaenda tena, Paris. Medali hakuleta, sitawapambia.

Sasa tuje kwetu. Yule mtoto asiyetembea mtaani kwako, ulimuona lini mara ya mwisho? Wengine wamefichwa ndani, manake wazazi waona haya. Wengine madrasa ina ngazi na hakuna wa kuwabeba. Kumbe kanuni za tenisi zamruhusu aliyeketi kucheza na aliyesimama: wa kitini adundiwe mara mbili, wa miguu mara moja. Yaani ndugu wawili wa nyumba moja waweza kushindana kwa haki.

Tatizo ni kiti. Cha hospitali hakifai, chapinduka. Cha michezo magurudumu yake yameinama ili kisianguke kikigeuzwa kwa kasi, na ni ghali. Lakini kimoja tukikichangia, vijana watapokezana. Baada ya swala ya Idi nitakuwa mlangoni na daftari. Usije na shilingi tu, njoo na jina la mtoto.