Mama, Uzee Unakuja: Jitayarishe



Mfanyakazi wa mshahara aliyeandikishwa CNSS anangojea pensheni. Lakini wewe unayeuza ndagala au mihogo sokoni, nani atakulipia dawa nguvu zikipungua? Ugonjwa wa tansio na wa sukari unataka dawa siku zote.

Munajua likelemba: inakupa pesa siku ya zamu yako. Lakini ugonjwa haujui zamu. Mutuele ya afya ni namna ingine: wote wanatoa mchango, na mwenye kugonjwa ndiye anasaidiwa. Katika Kongo yetu, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaongoza vyama hivi.

Ingia ungali na nguvu, kwani mara nyingi wanakungojesha miezi kwanza. Mbele ya kulipa, uliza: Wanakubali wazee? Wanalipa hospitali gani? Dawa za kila siku zimo? Nani anatunza pesa?

Mchango utoke wapi? Usiku wa giza ndagala ni wengi. Tenga franka kidogo kila soko. Mwezi ukiwaka na vikapu vikiwa tupu, usiziguse.

Na leo, mtoto akiisha kupimwa, wewe pia omba upimwe tansio. Chungu wa kitabu cha Mithali hangoji njaa. Nasi tusingoje kitanda.