Panga la Shamba Njiani: Sheria Inasema Nini, Nasi Tupatane Nini

Leo tutazungumza juu ya panga. Tunasema lile la kufyeka majani, kukata mashina ya muhogo na kupunguza migomba. Lakini hapa kwetu Ituri mtu hataji panga la shamba bila wasikiaji kufikiri lile jingine, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Mnakumbuka wenyewe. Tangu Desemba 2017 hadi Machi 2018 vijiji vingi vya Djugu vilishambuliwa na kuchomwa, na watu wengi waliuawa kwa mapanga na mishale. Wengine walikimbilia Bunia, wengine walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Uganda. Na kabla ya hapo kulikuwa vita vya 1999 hadi 2003. Mama aliyepita katika mambo hayo akiona vijana sita wanatoka porini wakati wa magharibi, mapanga wazi mkononi, haulizi kama walikwenda kupalilia. Anabeba mtoto, anakimbia. Jirani anamwona, naye anakimbia. Usiku ukiingia mtaa mzima umehama, na wale sita walikuwa wanatoka kupanda maharagwe.

Basi sheria inasema nini? Panga, jembe, shoka na mundu ni vyombo vya kazi. Kitabu chetu cha makosa ya jinai, kile cha 1940 kilichorekebishwa mara nyingi, hakimwadhibu mkulima kwa kuwa na panga lake. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inakataza kumshtaki mtu kwa tendo ambalo sheria haikuliita kosa wakati alipolitenda. Kinachogeuza chombo kuwa silaha ni matumizi yake. Ukimpiga au kumjeruhi mwenzako kwa kusudi, kifungu cha 46 cha kitabu hicho kinakuwekea kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, na ukiwa ulipanga mapema, mwezi 1 hadi miaka 2. Hapo hatujazungumzia jeraha linalolemaza, wala kuua. Adhabu zake ni nzito zaidi sana. Wizi wa kutumia silaha umewekewa adhabu ya kifo. Tena tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa, ile tunayoita état de siège, ilipoanza kutumika Ituri na Kivu ya Kaskazini, mahakama za kijeshi zilipewa kesi za jinai za raia pia. Vijana waelezwe jambo hili bila kufichwa.

Sasa, chombo chenyewe. Mara nyingi panga si chombo unachohitaji. Shamba la kukodi la mkimbizi ni dogo, limelimwa tayari, na kazi ya maharagwe na mahindi ni ya jembe. Panga linatakiwa siku za kufyeka na siku za kukata miche ya muhogo. Siku nyingine liache. Ukinunua, chukua fupi, lenye makali upande mmoja tu, mpini wa mti uliokazwa vizuri kwa misumari. Lile lililonolewa pande mbili na kuchongwa ncha halikusaidii kufyeka, na askari akiliona ana haki ya kujiuliza. Mundu mdogo unatosha majani ya mbuzi.

Wenye migomba wasikie neno moja zaidi. Ule ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Masisi mwaka 2001 kisha ukaenea, unachukuliwa na panga kutoka mgomba hadi mgomba. Ua la chini la mgomba huondolewa kwa mti wenye panda, unaingiza, unazungusha, linakatika. Mkono mtupu na mti, basi. Na panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa javeli kabla ya kugusa mwingine. Kwa hiyo ile desturi ya kuazimana panga kambi nzima inaua migomba, ingawa ni desturi ya upendo.

Kuhusu kubeba. Funga makali kwa kipande cha kiloba, kaza kwa kamba, uweke ndani ya kikapu pamoja na jembe, mbegu na chakula chako, ili anayekutana nawe aone shamba zima wala si chuma peke yake. Enda mchana, rudi jua lingali juu. Kama mko wengi, mtu mmoja au wawili wabebe vyote. Sokoni, kanisani au msikitini, penye pombe, na hasa kwenye mstari wa kugawiwa posho, panga lisifike kabisa. Kama unatoka shambani, pita nyumbani kwanza. Mtoto asitumwe na panga njiani peke yake.

Ukifika kwenye bariere, usingoje kuulizwa na usiingize mkono ndani ya kikapu. Tua kikapu chini, sogea hatua moja, salimia, sema: natoka shamba la fulani, ndani kuna jembe na panga. Mwache yeye afungue. Akichukua panga, omba kwa upole jina la mkubwa wake na karatasi inayoonyesha kimechukuliwa nini. Akikukamata, kifungu cha 18 cha Katiba kinataka uambiwe mara moja sababu, katika lugha unayoisikia, na kizuizi cha polisi kisipite saa 48 kabla ya kuachiwa au kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria. Jamaa waanze kuhesabu saa hizo. Pesa inayotolewa njiani pasipo karatasi si faini, ina jina lingine nanyi mnalijua. Lakini usibishane peke yako mbele ya bunduki kwa ajili ya panga. Rudi, mweleze kiongozi wako, mwende wengi mchana.

Viongozi, sasa nawageukia ninyi. Wengine wametangaza: ni marufuku mkimbizi kushika panga. Tunaelewa woga huo, lakini amri hiyo inamnyima mtu chakula, na inamwambia mwenyeji kwamba jirani yake ni mwuaji. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Kama makali yafungwe, yafungwe na wenyeji na waliohama. Kaeni pamoja, kamati ya kambi, wenye mashamba, wamama, mkubwa wa polisi na wa askari walio karibu. Patana saa za kupita, njia za kupita, na alama ya moto kwenye kila mpini. Chagueni nyumba moja kambini ya kuweka mapanga usiku, yenye daftari na watunzaji wawili, mmoja awe mama. Mwenye shamba akitoa kakaratasi kwamba fulani analima kwake, na kiongozi akitia sahihi, inasaidia sana bariereni. Karatasi hiyo itolewe bure. Siku itakapouzwa itakuwa kodi nyingine.

Na kuna jambo gumu. Tunasikia mahali fulani kiongozi anakusanya vijana usiku, kila mmoja na panga lake, akisema ni ulinzi wa kijiji. Kifungu cha 190 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo au kutunza vijana wenye silaha, na kinaliita jambo hilo uhaini mkuu. Asubuhi vijana hao hao watapita bariereni na mapanga yale yale wakienda shambani, na hakuna askari atakayeweza kutofautisha. Kupiga filimbi, kupiga ngoma, kuamsha watu, kutuma habari kwa polisi, hayo yanaruhusiwa. Kiongozi anayetaka ulinzi adai askari kwa maandishi, aweke nakala, na kijiji kisomewe barua hiyo.

Kamati zitakazopatana juu ya saa na njia zipeleke maandishi ya mapatano kwenye bariere yenyewe, si ofisini tu, maana askari hubadilishwa, na yule mpya hakuwa katika mkutano wenu.