Kitabu Kilichobaki Upareni

Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilifika Upareni. Majeshi ya Waingereza yaliteremka kufuata njia ya reli ya Tanga, Wajerumani wakirudi nyuma, na haukupita muda mrefu kabla wamisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Waadventista Wasabato hawajakamatwa na kupelekwa kizuizini. Kwenye vituo vyao vya Giti na Suji wakabaki walimu wa Kipare, wengi wao vijana waliojifunza kusoma miaka michache tu kabla ya hapo. Kanisa hilo huko Upareni lilikuwa na umri wa miaka 13.

Lilisimama.

Wamisionari wapya, safari hii Waingereza, walipofika baada ya vita, hawakuanza kufyeka pori. Walikuta watu wanaosali, wanaosoma na kufundishana. Kwa yeyote anayejiuliza Maandiko Matakatifu yana nguvu gani katika imani ya Kikristo, jibu la Upareni ni hili: mchungaji aliondolewa, kitabu kikabaki mikononi mwa watu waliojua kukisoma.

Habari hii ilianza Novemba 1903, pale Johannes Ehlers na A. C. Enns walipofungua misheni huko Giti, Upare Kusini, wakaiita Friedensthal. Hawakuwa wa kwanza mlimani, kwa kuwa Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa wamekwisha kuanza kazi Shigatini, Upare Kaskazini; baadaye, mwaka 1908, mmisionari wao Jakob Dannholz alianza kituo cha Mbaga. Madhehebu yalitofautiana katika mengi, hata katika siku ya kusali, lakini yalikubaliana katika jambo moja: anayeingia darasa la ubatizo afundishwe kusoma. Ndiyo sababu shule na kanisa vilijengwa ua mmoja.

Mmisionari wa Kiadventista Ernst Kotz alikaa chini akajifunza Chasu, lugha ya Wapare. Mwaka 1909 sarufi yake ya lugha hiyo ilichapwa Berlin, na mwaka 1922 Agano Jipya la Chasu likatoka. Lakini hakuna mgeni anayetafsiri Injili peke yake. Nyuma ya kila ukurasa wapo wenyeji waliosahihisha, waliokataa sentensi isiyotamkika, waliomweleza mgeni namna mama wa Kipare anavyomwita mwanawe. Karl Roehl, aliyetoa Biblia ya Kiswahili mwaka 1937, alifanya kazi na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, na majina yao yanajulikana. Wenzao wa Upareni wanastahili heshima hiyohiyo katika historia ya makanisa yetu, na itakuwa haki majina yao yakitafutwa kwa bidii na kusomwa hadharani siku za maadhimisho.

Sasa, mtu aliyezoea kusoma hazuiliki kwa urahisi. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakapiga kambi hapa Same kwenye makao ya wilaya, wakipinga kodi iliyoitwa Mbiru. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari hizo kwa kina. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Kajiru Mashambo, mwalimu wa Kiadventista. Si haki kusema Biblia ndiyo iliyozaa upinzani huo. Iliyouzaa ni kodi ambayo watu waliiona ya dhuluma. Hata hivyo, watu waliokwisha kuzoea kufungua ukurasa, kuuliza maswali na kumjibu mwalimu wao hawakuona ajabu kudai maelezo kwa serikali. Mwishowe kodi ile ikaondolewa.

Kuuliza huko ndiko kunakotakiwa kulindwa leo kwa wivu mkubwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Walikuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Watoto walikuwemo. Hao nao walisomewa Biblia. Walichonyimwa ni nafasi ya kugeuza ukurasa unaofuata na kusema, mbona hapa imeandikwa vingine? Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa kuwa walimsikiliza Paulo, tena mtume, halafu wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli. Mhubiri anayekasirika akichunguzwa amejiweka juu ya mtume.

Ndiyo maana darasa la Shule ya Sabato, lile la watu wachache wanaokaa kwenye mabenchi chini ya mti kabla ya ibada kuu, lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Mwalimu ana lesoni mkononi. Anauliza. Bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anafunua Wagalatia bila kutazama orodha ya vitabu, anasoma fungu polepole kwa kidole, kisha anamwambia mwalimu kwamba hakubaliani naye. Kijana wa bodaboda anaichukua hoja kutoka hapo. Kwa Wakatoliki wa Jimbo la Same, kazi hiyo hufanyika katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, na mwaka 2019 Papa Francis aliweka Dominika maalumu ya Neno la Mungu. Kwenye sharika za Kilutheri za Dayosisi ya Pare zipo ibada za nyumbani. Huko ndiko waumini wanakojengwa zaidi kuliko kwenye mkutano wa spika kubwa.

Lipo la kuhofia. Kijana wa leo hupokea mstari mmoja kwenye simu asubuhi, umepambwa kwa maua, umekatwa kichwa na miguu. Huutuma kwa wengine kabla hajajua nani aliusema, kwa nani, kwa sababu gani. Nehemia sura ya 8 inasimulia Ezra akisoma torati mbele ya Lango la Maji tangu alfajiri hata adhuhuri, watu wamesimama, na Walawi wakiwafafanulia. Asubuhi nzima! Usharika wa leo ukisomewa sura tatu mfululizo, wengine wataanza kutazama saa.

Simu hiyohiyo inaweza kufanya kazi bora. Wapo wazee huko Mamba, Suji, Gonja na Mbaga wanaosoma Agano Jipya la Chasu kwa matamshi ambayo wajukuu wao, waliokulia Same mjini, Moshi na Dar es Salaam, hawayajui tena. Waketishwe barazani, wasome Injili ya Marko yote, sura zake 16, kijana arekodi. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala kamati. Makanisa ya Same yanaweza kuianza kabla masika hayajafunga njia za mlimani, na redio zinaweza kurusha rekodi hizo hewani.