Nyanya, Mimi Sinywi Maziwa

(Neno la asubuhi lililosomwa redioni)

Mlio na Biblia karibu, fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 14, mstari wa kwanza hadi wa nne. Mlio njiani au mnaokamua mbuzi saa hii, sikilizeni tu. Mtume Paulo anasema juu ya watu wawili katika kanisa moja: mmoja anakula kila kitu, na mwenzake anakula mboga tu. Anamwonya yule alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye, kwa maana Mungu amempokea.

Nilizoea kulisoma neno hilo kama habari ya Warumi wa kale. Siku moja likaja Kainuk, mlangoni pangu.

Mama mmoja mzee wa ushirika wetu alinitumia mtoto, akisema: "Mwambie mchungaji aje, mjukuu wangu amenikataa." Nikaenda upesi. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, na mbele yake elepit, kile chombo cha mti tunachokamulia maziwa, kimejaa nusu. Mjukuu wake alikuwa amerudi jana yake kutoka Nairobi anakosoma. Nyanya alimletea maziwa, naye akasema, "Nyanya, mimi sinywi maziwa tena. Sili nyama, wala mayai, wala asali. Sili kitu cho chote cha mnyama."

Yawapasa kujua maziwa yale yalikuwa nini. Mvua zilikosa msimu baada ya msimu tangu mwaka 2020 hadi 2022, mara tano mfululizo, na mifugo ilikufa Turkana nzima. Mbuzi wa mama huyu walikwisha karibu wote, na wakati huo mmoja tu ndiye aliyekuwa na maziwa. Mtu wa kwetu akikupa maziwa amekupa zaidi ya kinywaji. Kwa hiyo mzee aliposikia "sinywi," alisikia "wewe si nyanya yangu."

Nakiri mbele zenu kwamba nilikwenda pale nimekwisha kumhukumu binti. Nilijiambia, hizi ni tabia za mjini. Nikamsomea Mwanzo 9, mstari wa 3, Mungu alipompa Nuhu wanyama wawe chakula. Binti akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mchungaji, na sura ya kwanza, mstari wa 29?" Nikafungua. Hapo Mungu anawapa wanadamu mimea yenye mbegu na matunda ya miti, wala nyama haikutajwa. Nikanyamaza kidogo. Si vibaya mchungaji kunyamaza.

Basi nikamwomba anieleze. Akasema watu wa namna yake huitwa vegani. Neno hilo liliundwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama chao. Wao walikuwa wameacha nyama zamani, lakini waliona haitoshi, kwa kuwa maziwa na mayai nayo hutoka kwa mnyama anayetumiwa. Tena hawaishii chakulani. Hukataa viatu vya ngozi, nguo za sufu, nta ya nyuki, na sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya ng'ombe.

Nyanya aliposikia sabuni akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hata sabuni?" Binti akaeleza kwamba si sabuni zote, nyingine hupikwa kwa mafuta ya mawese au ya nazi, ila mtu sharti asome karatasi yake. Hata vidonge vya hospitali, vile vyenye ganda laini, mara nyingi ganda hilo limetokana na ngozi na mifupa iliyochemshwa.

Ndipo tukaanza kuhesabu vitu vya boma lile, sisi watatu. Ngozi ya kulalia. Mkanda wa ngozi wa elepit, na mafuta yaliyopakwa chombo kisipasuke. Viatu. Nikakumbuka ngoma ya kwaya yetu, imewambwa ngozi. Nikatazama mkononi mwangu: Biblia yenye jalada la ngozi! Nikamwambia binti kwamba Yohana Mbatizaji asingepokelewa katika chama chake, na vazi lake la singa za ngamia, mshipi wa ngozi, nzige na asali. Akacheka naye. Lakini akasema, "Si lazima nitupe ulivyo navyo wewe. Nachagua vyangu."

Wapendwa, tusidhani jambo hili ni la Wazungu tu. Nendeni Kakuma, mahali ambapo kambi ya wakimbizi ipo tangu mwaka 1992. Ndugu zetu Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, tena kila Jumatano na Ijumaa, bila nyama, maziwa wala mayai. Katika siku hizo mikahawa yao hupika dengu na mboga, na chakula ni kizuri kabisa, mimi nimekula. Wao hurudi kwenye nyama siku ya Pasaka, binti huyu hana siku ya kurudi. Lakini hakuna asemaye kwamba Waethiopia wamewakataa nyanya zao.

Hata hivyo kuna jambo nililomwambia binti kwa uzito, nanyi wazazi lisikieni. Iko vitamini iitwayo B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu huihitaji, nayo haipatikani kwa mimea kwa kutegemewa. Asiyekula cho chote cha mnyama yampasa kuipata kwa vidonge, au kwa chakula kilichotiwa vitamini hiyo. Kuikosa huenda kusionekane hata miaka kadhaa, na mwili unaharibika polepole. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha wasijaribu bila shauri la mganga. Binti akasema anavyo vidonge, akanionyesha. Nilifurahi kwamba alikuwa amefikiri.

Neno la pili lilikuwa gumu zaidi. Hapa Kainuk wako wengi wanaokula mahindi na maharagwe peke yake mwezi mzima. Hao hawakuchagua. Mbuzi wao walikufa kwa ukame, au walichukuliwa usiku na wenye bunduki. Nikamwuliza, "Je, uliwaambia majirani kitu?" Akainamisha kichwa. Alikuwa amesema mbele ya wanawake kisimani kwamba kunywa maziwa ni kumwibia mwana-mbuzi. Ndilo hasa lililomchoma nyanya, kuliko lile la kukataa.

Mzee akajibu mwenyewe, bila hasira. "Mjukuu wangu, mbuzi ana chuchu mbili. Mimi nakamua moja. Ya pili namwachia mtoto wake, hata nikiwa na njaa. Mwana-mbuzi akifa, kesho nitakamua nini?"

Binti hakupata la kusema. Nikaona kwamba Paulo alitukuta sote pale. Mimi nilimdharau asiyekula, naye asiyekula amemhukumu alaye, na kati yetu mama mzee ameketi na maziwa yanayoanza kuchacha. Nikaomba msamaha kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuja na Biblia. Kisha binti akapiga magoti, akasema, "Nyanya, nilikosa kusema vile kisimani. Kesho nitarudi niwaambie."

Kisha akauliza, "Wewe ulikunywa lini?" Nyanya hakujibu. Mtoto yule aliyetumwa kwangu ndiye aliyetoboa siri: siku nne nyanya alikuwa anakunywa chai ya rangi, akiyagandisha maziwa amngojee mjukuu. Binti akainua elepit kwa mikono miwili, akamwekea kinywani. Mzee akanywa, akapumzika, akanywa tena mpaka chini.

Akajifuta, akauliza, "Sasa wewe utakula nini?" Ulikuwa wakati wa edung. Alikuwa amezichuma chache kando ya Turkwel, na wenyeji mwajua kazi yake: kuchemsha, kumwaga maji, kutia mengine, kuchemsha tena mpaka uchungu utoke. Binti akaenda kuteka maji. Nyanya akapuliza moto, akaweka sufuria, kisha akaniangalia mimi kana kwamba ndimi mwenye sheria, akaita kwa sauti: "Na mafuta nisitie?"

"Usitie, nyanya," binti akajibu kutoka nje.