Kabla ya kubeba simu ya enketa: maneno kwa vijana wa Mpala

Mmeniomba niseme na wale wanaopenda utafiti. Mimi niko na licence na sina kazi, kwa hiyo sitawadanganya eti utafiti unalipa haraka.

Kisha kumaliza chuo, nilifanya kazi ya kuuliza wavuvi maswali, kijiji kwa kijiji, simu mkononi, kwa niaba ya watafiti waliotoka mbali. Walilipa, sikatai. Jioni ya mwisho majibu yote yakatumwa, simu ikarudishwa, mimi nikabaki na ndala zilizokatika. Mwaka uliofuata papa mmoja akaniuliza: «Mwanangu, yale tuliyokuambia, yalileta nini?» Sikuwa hata na karatasi moja ya kumwonyesha.

Juu ya hiyo, ukiitwa kwa enketa, uliza kwanza: jina langu litaandikwa wapi? Nitabaki na kopi ya majibu, bila majina ya watu? Nani atarudi kuwaambia wenyeji matokeo? Wakikasirika, umejua mapema. Lakini tumbo likiwa tupu, nenda tu. Mimi pia ningerudi.

Stefano Kaoze, mtoto wa milima hii ya Marungu, alisoma seminari hapa Mpala. Mwaka 1910 maandishi yake ya Kifaransa juu ya mawazo ya watu wake yalianza kuchapwa Ubelgiji, kwa jina lake mwenyewe. Upadri aliupata mwaka 1917. Aliandika akiwa bado mwanafunzi!

Na maswali tuko nayo. Ziwa hili ni la nchi nne, lakini mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, na unaanzia Kalemie. Mwaka 2024 maji yalipanda mpaka ndani ya nyumba mjini. Hapa kwetu yalifika wapi? Nani aliandika? Chagua jiwe kubwa lisilohama, piga alama ya rangi, pima kutoka alama hadi maji kila asubuhi saa ileile. Andika tarehe, namba, na kama kulikuwa upepo. Siku uliyolala, acha nafasi tupu. Usibahatishe namba, hata moja, maana hiyo moja itaharibu zote.

Mwaka 2003 watafiti walikadiria kuwa joto limepunguza chakula cha asili cha ziwa kwa asilimia 20 hivi, na ndagala wetu wanategemea chakula hicho. Makala ile iko kwa Kingereza, sawa nyingi juu ya ziwa letu. Inauma, lakini jifunze Kingereza.

Ukiomba staji, Chuo Kikuu cha Kalemie ao kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, usipeleke CV tupu. Peleka daftari ya miezi sita. Wanaweza kukukatalia, hiyo nimeizoea. Daftari itabaki yako.

Kesho saa moja asubuhi tutakuwa pwani na rangi na kamba ya mita. Daftari, kila mtu alete yake.