Udereva wa Makini ni Ulinzi wa Mali ya Chama
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Msimu wa mavuno ufikapo, jasho la mwaka mzima la wakulima hupakiwa ndani ya lori na kukabidhiwa mtu mmoja, naye ni dereva. Mizani hupimwa, hesabu hukaguliwa, ghala hufungwa kwa kufuli; lakini si ajabu kukuta dereva ameulizwa swali moja tu: leseni anayo?

Leseni ni mwanzo wa elimu, si mwisho wake. Utingo aliyefika kwenye usukani kwa kutazama tu aweza kujua kuliendesha gari, asijue ni kwa nini wakati mwingine hukataa kusimama. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kwa kila sekunde. Dereva atazamaye simu kwa sekunde 3 amekwenda meta 50 kama kipofu. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa karibu mara nne.

Katika miteremko mikali kama Kitonga, mkoani Iringa, dereva aliyefunzwa huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Asiyefunzwa huachia gia huru ili kuokoa dizeli, akategemea breki peke yake. Nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na hapo hakuna tena la kufanya.

Umakini nao una adui wengine, ambao ni usingizi na uchovu. Katibu amwamuruye dereva aliyekesha safarini kugeuza lori usiku uleule ajue kwamba kosa litakaloonekana barabarani limeanzia ofisini.

Wapo wasemao kuwa fedha ya mafunzo ni gharama isiyo ya lazima. Bima yaweza kulipa chuma kilichopondeka. Haiwezi kumrudisha baba wa watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021.

Kwa hiyo inafaa kila Halmashauri ya chama izingatie haya:

1. Dereva ajaribiwe njiani na mtu mwenye ujuzi kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na apelekwe mafunzoni. Nchini Tanzania yapo mafunzo katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, na katika vyuo vya VETA.

2. Saa za safari na za kupumzika ziandikwe daftarini, na dereva asilipwe kwa wingi wa safari.

3. Breki, magurudumu na taa zikaguliwe kila asubuhi, na mwanachama asipandishwe juu ya magunia.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Msemo huo humfariji aliyefikwa na msiba. Usiwe kisingizio cha chama ambacho hakikujikinga.